Maswali ya Wasomaji: Simu Imegoma Kuwaka na Picha Ziko Ndani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: simu imezima, hakuna nakala popote, na mwenyewe halilii simu bali vilivyomo. Lengo katika hali hiyo ni kuifanya simu ile ile iwake japo mara moja, ifunguliwe kwa PIN, vitu vitolewe. Ikifa tena baada ya hapo, na ife.

Samsung yangu ya mwaka 2021 iliingia kwenye beseni la maji ya kufulia. Niliifukia kwenye mchele siku mbili, nikaichaji, ikapata moto mgongoni, ikazima kabisa. Fundi wa Luthuli anataka kung'oa chipu ya memori aisome kwenye mashine yake. Nimpe? Picha zote za mtoto tangu azaliwe zimo humo.
*Mama wa mmoja, Umoja*

Kwa kazi hiyo, mama, usimpe. Chipu yako ikisomwa peke yake itatoa takataka. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au matoleo ya baadaye hufunga faili zote kwa msimbo, na ufunguo wake hutokana na PIN yako pamoja na siri iliyochomwa ndani ya prosesa ya simu hiyo. Prosesa nyingine, hata ya modeli ile ile, haina siri hiyo. Kung'oa chipu kulikuwa na maana enzi za Android 5 kurudi nyuma, na wapo mafundi walioizoea kazi hiyo wakati huo ambao bado wanaiamini. Kwenye simu yako, kupuliza bloa ya hewa moto juu ya memori au prosesa ni kucheza kamari na picha za mtoto.

Tumaini lipo, kwa sababu mara nyingi maji hayaui prosesa wala memori. Yanaua vitu vidogo vilivyo kwenye njia ya umeme. Maji ya sabuni yana chumvi, hivyo yanapitisha umeme vizuri. Betri ikiwa bado imeunganishwa, mkondo unapita kati ya nukta zisizopaswa kukutana, na shaba inaliwa. Mchele hauwezi kunyonya maji yaliyo chini ya vifuniko vya bati vya bodi. Siku zile mbili ulizozipa mchele ndizo kutu ilizofanyia kazi, na kuchaji kukamalizia. Moto uliousikia mgongoni ni dalili ya shoti.

Fundi anayeijua kazi hii atafungua mgongo na kuchomoa kontakta ya betri kabla ya kugusa kingine chochote. Atatoa bodi, afungue vifuniko, aitazame chini ya hadubini. Kwa kawaida kuna unga wa kijani au mweupe kwenye kontakta za betri, kioo na chaji, na miguu ya vipande vya karibu huwa imefifia rangi. Hapo panasuguliwa kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno. Mwenye mashine ya ultrasoniki (inayosafisha kwa mitetemo ya sauti) ataitumbukiza bodi dakika chache, na hiyo ni bora zaidi kwa sababu inafika chini ya chipu (IC) ambako brashi haifiki. Thina tusiione hapo kabisa: inalainisha gundi na plastiki.

Bodi ikikauka, inalishwa na pawa saplai volti 4 hivi mahali pa betri. Mita ndiyo inayosema ukweli wote. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, ampea zisome sifuri au karibu na sifuri. Zikipanda wakati huo, shoti iko kwenye laini kuu ya umeme. Kitufe kikibonyezwa na mita isitikisike, tatizo linaweza kuwa kitufe chenyewe au IC ya pawa. Mita ikipanda kidogo ikaganda papo hapo, prosesa imeanza kuamka lakini kuna kitu haipati, na hali hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Ikipanda huku inacheza-cheza, simu inawaka, na huenda kioo tu ndicho kilichokufa.

Shoti ya laini kuu mara nyingi ni kapasita moja iliyo ndogo kama punje ya sukari. Fundi anaipaka bodi moshi wa rosini hadi iwe nyeupe, anaingiza volti 1 akipandisha polepole, na pale rosini inapoyeyuka kwanza ndipo penye hitilafu. Mwenye kamera ya joto hahitaji rosini. Kapasita hizo za kuchuja umeme hukaa nyingi sambamba kwenye laini moja, kwa hiyo ikitolewa ile mbovu simu huwaka bila hiyo. Kama ungetaka kuitumia simu miaka mingine tungesema irudishwe nyingine. Kwa kutoa picha, aiache wazi, aweke betri nyingine ya modeli hiyo badala ya iliyoloa, na muanze kunakili.

Prosesa na memori zikiwa nzima lakini bodi imeliwa vibaya, kuna kazi ya kuzihamisha zote mbili pamoja kwenye bodi ya simu nyingine ya modeli ile ile. Inawezekana, ni ghali, na haina nafasi ya pili. Ndiyo ya mwisho kufikiriwa.

Kabla ya kumwachia fundi yeyote simu, muulize ataanza na nini. Akijibu "kuflashi" (kupakia mfumo wa simu upya, mara nyingi kwa kufuta vilivyomo), iombe simu yako na uende.

Simu iliyokaa kabatini mwaka mzima haiwaki. Nimeichomeka dakika kumi, hakuna hata taa. Imekufa?
*Msomaji, Kangemi*

Huenda haijafa. Betri ya lithiamu ikishuka sana, simu huiingizia umeme kidogo kidogo kwanza, na kioo hubaki cheusi wakati huo. Safisha tundu la chaji kwa kijiti cha mbao (uzi wa mfukoni hujazana humo hadi plagi haishiki), tumia waya na chaja unayojua vinafanya kazi, uiache saa nzima. Kisha shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 20. Kwa iPhone 8 na za baadaye, bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, halafu cha kupunguza, kisha shikilia cha ubavuni hadi nembo itokee.

Ukiona mgongo umevimba, usichaji hata dakika moja. Betri itolewe na iwekwe nyingine.

Tecno yangu ilianguka nikishuka matatu. Kioo ni giza tupu, lakini nikipigiwa inalia. Kompyuta haioni faili. PIN naijua.
*Mwanafunzi, Rongai*

Simu yako ni nzima. Kompyuta haioni faili kwa sababu simu ya Android ikichomekwa huanza na kuchaji tu, mpaka uifungue na uchague uhamishaji wa faili kwenye kioo, na kioo ndicho huna.

Kioo kipya kinaweza kuchomekwa kwenye kontakta na kuwaka bila kubandikwa wala kufunga simu. Mafundi hufanya hivyo kila siku wakijaribu kioo kabla ya kukiuza. Zungumza na mmoja akukodishie nusu saa: achomeke, uweke PIN, uchague uhamishaji wa faili, unakili picha na nyaraka kwenye kompyuta. Alama ya kidole haitatosha ikiwa simu imezimwa ikawashwa, maana ikiwaka upya lazima PIN iingizwe kwanza.

Utasikia ushauri wa kuiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Unafaa kwa simu zinazotoa video kupitia tundu la USB-C, kama Galaxy S8 na wadogo zake wa S. Tecno nyingi hazitoi. Kama kioo kingekuwa kinaonyesha lakini hakisikii kidole, adapta ya OTG (ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu) na mausi ya kompyuta vingetosha.

Infinix iliniambia nafasi imejaa, nikaizima na kuiwasha, sasa inaganda kwenye nembo. Fundi anasema ataiflashi halafu arudishe vitu kwa programu ya kompyuta.
*Mwenye duka, Kawangware*

Havitarudi. Simu ikifutwa, funguo za msimbo nazo hufutwa, na hakuna programu inayofungua faili zisizo na ufunguo. Hata zile programu za kulipia zinazojigamba kurudisha vitu kutoka simu iliyozima zinahitaji simu iwake na ifunguliwe kwanza, kwa hiyo hela yako kaa nayo.

Simu ikiwa imezima, shikilia kuwasha na kuongeza sauti hadi menyu ya recovery (ya kuokoa simu) itokee. Samsung mpya hutaka pia iwe imechomekwa kwenye kompyuta. Chagua "Reboot system now" kwanza. Ikigoma, "Wipe cache partition" kama ipo, na kwenye Samsung kuna "Repair apps". Mstari ulioandikwa "Wipe data/factory reset" usiuguse hata kwa bahati mbaya. Kwenye menyu hiyo unasogea kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa cha kuwasha, basi nenda polepole.

Hapo pakishindikana, mfumo unaweza kuwekwa upya bila kugusa vitu vyako, mradi fundi awe makini. Kama Infinix yako ina prosesa ya MediaTek, katika programu ya kompyuta ya SP Flash Tool achague "Download Only" na aondoe alama kwenye mstari wa userdata (vitu vyako). "Format All + Download" inafuta kila kitu, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ikiwemo, na ndiyo njia ya mkato ya fundi mwenye foleni. Kwa Samsung, ndani ya programu ya Odin aweke faili ya HOME_CSC, si CSC, na mfumo uwe wa modeli hiyo hiyo, usiwe wa zamani kuliko uliopo. Kwa iPhone iliyo katika hali ya recovery, kompyuta inapouliza, jibu ni "Update", si "Restore". Upakuaji ukipita dakika 15 simu hutoka kwenye hali hiyo, nawe unarudia. Na fundi akisema lazima afungue bootloader (programu inayoanzisha mfumo wa simu) kwanza, kataa, maana kuifungua kunafuta simu nzima.

Ikishawaka, usianze kuvinjari. Nakili, kisha futa video kubwa.

Nauza mitumba Gikomba. Oda zote za wateja ziko WhatsApp na malipo ni M-PESA. Simu imekufa. Nimeingia hasara?
*Mfanyabiashara, Gikomba*

Pesa haziko kwenye simu. Hamishia laini kwenye simu nyingine, hata ya vitufe, na M-PESA yako iko pale pale na PIN ile ile. Jumbe za zamani za malipo zilibaki kwenye simu, lakini taarifa ya akaunti unaiomba kupitia *334# au programu ya M-PESA.

WhatsApp inataka mpangilio. Kama uliwahi kuiunganisha na kompyuta, nenda huko kwanza kabla ya kugusa laini: kompyuta iliyounganishwa huendelea kufungua mazungumzo hadi siku 14 bila simu. Nakili oda zako, pakua picha. Ukishasajili namba kwenye simu mpya, kompyuta hiyo itatolewa nje.

Kisha, kwenye simu mpya ya Android, ingiza akaunti ile ile ya Google uliyoitumia zamani ndipo uweke WhatsApp na kuthibitisha namba. Itatafuta nakala Google Drive na kukuuliza urejeshe. Isipoipata, usiruke hatua hiyo. Angalia kama umeingiza akaunti ya Gmail iliyo sahihi. Ukiruka na kuanza upya, usiku nakala mpya tupu inaweza kuifunika ya zamani, na hapo ndipo hasara inapoingia kweli. Majina ya wateja yatazame contacts.google.com, na picha photos.google.com; wengi huzikuta huko bila kujua waliwahi kuwasha huduma hizo.

Memori kadi ya simu iliyokufa, nikiichomeka kwa simu nyingine inaniambia niifomati.
*Dereva wa boda, Pipeline*

Usiifomati bado. Ijaribu kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Kama kwenye simu ya zamani uliiweka kama hifadhi ya ndani, ilifungwa kwa ufunguo uliobaki kwenye simu ile, na njia ni kuifufua simu. Kama ilikuwa kadi ya kawaida iliyoharibika, PhotoRec ni ya bure na huokota picha nyingi. Matokeo uyahifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi yenyewe.

Fundi anataka PIN yangu. Ni haki?
*Karani, Upper Hill*

Ya kufungua simu, ndiyo, kwa sababu bila hiyo hawezi kutoa chochote hata bodi ikipona. Ni bora uwepo uiingize mwenyewe siku ya kunakili. PIN ya M-PESA haimhusu kabisa. Laini itoe kabla ya kumkabidhi simu, kwa kuwa namba za kuthibitisha za benki na barua pepe hupitia hapo, naye akitaka kupima mtandao ana laini yake. Memori kadi nayo itoe. Mwandikishe kwenye risiti modeli, IMEI, na maneno "asifute wala kuflashi bila idhini", na mkubaliane malipo kamili yatolewe baada ya wewe kufungua picha kadhaa kwenye diski yako na kuona zinafunguka.