Kabla hujaenda kujitolea kugawa chakula na nguo

Siku yangu ya kwanza niliwapa watu vitu wasivyovihitaji, nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Ilikuwa kwenye kanisa moja hapa Lexington, Kentucky, lenye stoo ya chakula na chumba cha nguo kwa yeyote aliyekwama. Nilipangiwa kufungasha, mifuko yote sawasawa: tambi, siagi ya karanga, makopo mawili ya maboga. Jioni, kwenye kituo cha basi, nikayakuta makopo manne yamepangwa kwenye benchi kama ya kuuzwa. Nikanuna. Kumbe hawana njaa hawa!

Jumamosi iliyofuata mama mmoja wa Kivu alinisikia nikiongea na simu, akanisogelea. (Wakongo ni wengi hapa, Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya dukani.) Akanionyesha kopo la maboga. "Mwanangu, hii kitu inapikwa namna gani?" Nikamweleza kwamba Wamarekani wanaokea pai mwezi wa Novemba. Akacheka sana. "Miye natafuta bunga, maharagi na mafuta tu."

Kwa hiyo ukitaka kujitolea, uliza kwanza: hapa watu wanachagua wenyewe au wanapewa mfuko uliofungwa? Kama ni mfuko, washawishi wenyeji wako wabadilishe, taratibu, bila kujifanya mjuaji. Sisi ilituchukua miezi. Woga mkubwa ulikuwa kwamba mtu mmoja atazoa kila kitu. Sasa kila familia inapewa pointi kulingana na idadi ya watu, wanapita kwenye rafu na toroli kama dukani. Foleni imekuwa ndefu zaidi, hilo silifichi. Lakini pale kituoni sijaona kopo tena.

Kwenye makopo nako kuna kazi. Lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono, tupa, usibishane na mtu. Tarehe ya "best by" ni jambo jingine: kwa vyakula vingi inazungumzia ubora, si sumu, na mchele uliopita wiki mbili hauna neno. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ndiyo hayana msamaha. Tarehe ikipita hayatoki. Na kama una duka unaogopa kushtakiwa kwa ulichotoa, tangu 1996 kuna sheria ya Marekani inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema.

Mji huu una historia ya mambo haya. Mwaka 1955 mama mmoja aitwaye Mim Hunt alianza kukusanya chakula kwa gari lake na kukihifadhi nyumbani kwake. Ndiyo ikazaliwa God's Pantry, ambayo leo ni ghala kubwa linalolisha stoo ndogondogo nyingi za eneo hili.

Chumba cha nguo nilikiingia kwa kujiamini, maana mama yangu mdogo alikuwa na meza ya mitumba pale Karume, Ilala, kabla soko halijaungua Januari 2022. Alinifundisha kukagua nguo kwa mpangilio: kola, kwapa, zipu, halafu pindo. Sikujua kwamba siku moja nitasimama upande wa pili, robota linapoanzia. Huku watu wanaleta mifuko myeusi bila kuifungua, ndani mna shati lenye jasho na soksi isiyo na mwenzake. Kinachobaki kinauzwa kwa kilo, na nguo kama hizo nyingi huishia kwenye masoko kama lile la mama mdogo. Kabla ya kutoa nguo, jiulize kama yeye angeitundika mbele ya meza au angeitupa chini ya meza. Na leta vile visivyotolewa kwa mitumba: soksi mpya, chupi mpya, glavu. Ikifika Desemba soksi zinaisha kabla ya makoti.

Jingine dogo. Usipige picha. Najua kwetu msaada bila picha ni kama haujatolewa, lakini mwanao anasoma darasa moja na mtoto wa aliyekuja kuchukua unga. Ukikutana na mtu huyo sokoni, mwache akusalimie yeye kwanza. Akipita kimya, pita kimya.

Kuhusu siku ya kuja: Novemba na Desemba usijisumbue sana. Watu wanajaa, tunafikia kugombea ufagio. Njoo Februari, siku ya katikati ya wiki lori linaposhusha mzigo, na viatu vilivyofunika vidole. Februari iliyopita tulikuwa watatu, mmoja ana miaka sabini na kitu, na lori lilileta viazi.