ONDC sio duka

Dada uliyeuliza kama ONDC ya India ni app nyingine ya kuuzia, hapana, ni mtandao wa wazi wa biashara unaounganisha app mbalimbali (kirefu chake Open Network for Digital Commerce), serikali yao iliusukuma wakaanza majaribio 2022 kwenye miji 5, yaani wewe muuzaji unajisajili app moja na mteja aliye app nyingine kabisa anakuona na anaagiza, kama unavyotuma hela laini hii kwenda laini ile. Hata wasafirishaji wamo humohumo. Mi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka jana ukurasa wangu wa kuuzia mtandaoni ulifungwa bila maelezo, gunia 6 zikakaa stoo mpaka zikaanza kushika unyevu, iliniuma sana aisee. Kwa mfumo ule ningehamia app nyingine na wanunuzi walewale wangeniona, huku kwetu tunauhitaji jamani.