Mwimo wa mlango wa kale na mwanasesere mwenye kifungo

Nyumba moja jirani yetu, Mji Mkongwe, ilipokuwa ikikarabatiwa, fundi alinipa kipande cha mwimo wa mvule kilichooza upande mmoja. Nikaona nimchongee mpwa wangu mwanasesere. Nilichora mtoto aliyenyoosha mikono yote miwili. Mkono wa kulia ulivunjika nikiwa kwenye vidole, wa kushoto nilipopiga msasa.

Mti haukuwa na kosa. Nyuzi zake zilipanda kutoka miguuni hadi kichwani, kwa hiyo kila mkono ulizikatiza, ukabaki na nyuzi fupi fupi zisizoshikana. Tangu siku hiyo wanasesere wangu hubana mikono kiunoni au hukumbatia kitu kifuani, na shingo naiacha nene kuliko jicho linavyotaka. Ukitaka mkono ulio huru, uchonge peke yake, nyuzi zikifuata urefu wake, kisha uuchomeke begani kwa kijiti na gundi.

Kabla ya kushika patasi, pitisha sumaku mbao nzima. Misumari ya zamani hukatika kichwa, mwili ukabaki ndani. Na mvule wenyewe, hata bila msumari, huweza kuficha vijiwe vya chokaa; patasi yangu ya nusu inchi ilimeguka makali hapo. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, basi vaa barakoa ukae uani penye upepo.

Nisilolegeza kabisa ni rangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mwanasesere lazima atafika mdomoni mwa mtoto. Usiikwangue wala kuipiga msasa. Mbao yenye rangi ya kale, au nisiyojua ilipakwa dawa gani ya mchwa, haiwi kitu cha kuchezea kwangu.

Mbao za jahazi lililovunjwa nimezijaribu pia, ila harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, haitoki. Na tafadhali, usinunue mlango mzima wenye nakshi ukaukate. Mabaki ya ukarabati yanatosha.

Mwanasesere wa tatu ndiye aliyedumu. Ana tundu la msumari katikati ya kifua, limegeuka jeusi kwa kutu. Nilitaka kuliziba kwa nta, mpwa wangu akakataa. Analiita kifungo, na kila akimlaza hulifunga kwa kidole.