Kazi ya kubuni saketi Zanzibar ipo, ila haitangazwi kwa jina hilo

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama kusomea elektroniki pale chuo cha Karume, Mbweni, kutakupa kazi ya kubuni saketi hapahapa visiwani. Tangazo lenye jina hilo usilingoje, kiwanda cha chipu hatuna. Wenye fani hii huku huajiriwa kama mafundi wa sola, wa minara ya simu, wa vifaa vya hospitali au wa mahoteli ya Nungwi na Paje, na ubunifu unaingilia humo humo. Maana hewa yetu ina chumvi: njia za shaba kwenye bodi, yaani vibao vya saketi, za inveta na mafriji zinaliwa mpaka zinakatika. Anayeweza kuchora bodi mbadala, akaipaka vanishi ya kuikinga, sidhani kama atakosa mteja. Anza na KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea bodi, ni ya bure. Bodi zenyewe unaagiza China kwa bei nafuu, usafiri ndio unaouma. Na jifunze kuandika programu za maikrokontrola, zile chipu ndogo zinazoendesha kifaa. Saketi tupu siku hizi hailipi. Kazi za nje kwa mtandao zipo pia, lakini wateja wa huko hawaulizi cheti kwanza, watataka kuona bodi ulizokwisha kutengeneza zikafanya kazi.