Wadogo zangu, maziwa mapya yanakwenda nyuma

Kila Septemba wanafunzi wapya wakishatua Uingereza na kupata namba ya bima ya taifa, stoo za maduka ya bei nafuu hujaa Kiswahili. Jambo jema, karibuni. Ila makosa ni yale yale ya waliowatangulia, kwa mpangilio ule ule, mpaka mtu anajiuliza kama kuna chuo mnakofundishwa. Haya basi, kwa mnaoanza Aldi, Lidl na wenzao. Mafunzo ya mwanzo mmepewa, viatu vya usalama mmepewa, siyarudii hayo.

1. Mwendo. Ile methali ya haraka haraka haina baraka iacheni uwanja wa ndege. Duka la namna hii lina bidhaa kama 2,000 tu, wakati supermaketi kubwa za kawaida zina makumi ya maelfu. Zamu ni ya watu wachache, na anayeskani ndiye huyo huyo anayepakua paleti (jukwaa la mbao linalobeba mzigo) na kupiga deki. Bei ya chini inatoka humo. Lakini kasi haitoki miguuni, inatoka katika kukishika kitu mara moja tu: kitoke kwenye paleti kiende rafuni. Katoni ukiiweka chini "kidogo tu", utaiinamia tena, na safari hii itakuwa katikati ya njia, mbele ya bibi mwenye kitoroli.

2. Kwenye mashine ya kulipia. Mkono mmoja unapitisha, mwingine tayari umeshika kinachofuata. Usiutafute msimbopau (ile mistari ya kuskani), maana umechapwa mkubwa na mara nyingi pande kadhaa za pakiti kwa ajili yako. Aldi ya Ujerumani ilikaa bila skana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu makeshia walikariri namba za bidhaa na vidole vyao vilizishinda skana za zamani. Wewe umepewa skana nzuri halafu unageuzageuza boksi la uji wa shayiri kama unasoma mkataba. Mteja asogeze toroli lake mwisho wa kaunta kabla hujaanza, vizito vitangulie, na kufungasha atakwenda kufanya kwenye rafu ya ukutani. Salamu ni moja. Habari za nyumbani, za watoto na za mvua hazina nafasi foleni ikifika kwenye friza.

3. Tarehe. Hapa ndipo mnapotutoa machozi. Kanuni mnaijua wote, mmeitia saini: kinachoisha mapema mbele, kinachochelewa nyuma. Kisha lori linafika saa 11 alfajiri, paleti ya friji inatoka, na mtu anaibandika trei mpya ya kuku juu ya trei ya jana iliyobaki na pakiti tatu. Rafu imejaa, inapendeza, meneja anapita na kusema vizuri. Zile pakiti tatu za chini hakuna atakayezigusa mpaka muda wake upite.

Kinachowaponza ni boksi lenyewe. Bidhaa huja katika trei zilizotengenezwa ziingie rafuni nzima nzima, msipange pakiti moja moja. Mkono unazoea: chana, sukuma, ondoka. Kwenye tambi na maharage ya kopo kosa hilo linaweza kulala miezi bila kumdhuru mtu. Kwenye friji halilali hata wiki. Kwa hiyo toa kwanza trei ya zamani yote. Soma tarehe ya kila pakiti iliyobaki, siyo ya ile ya juu peke yake. Soma na ya trei mpya, kwa kuwa ghala linaweza kuleta leo mzigo unaoisha kabla ya ule wa jana. "Mpya" haina maana ya "inachelewa". Ingiza yenye siku nyingi, tanguliza yenye siku chache mbele yake au juu yake, kisha bapaza boksi tupu hapo hapo.

Kwa nini kila pakiti? Kwa sababu wateja wanajua mchezo. Mama aliyelea watoto watatu anazamisha mkono hadi nyuma, anatoa saladi yenye siku nne zaidi, na alizozivuruga anaziacha hivyo hivyo. Ukiangalia ya mbele tu, umeangalia alichokuachia yeye.

Maziwa nayo yana kisa chake. Yanakuja kwenye keji za magurudumu zinazoingia moja kwa moja kwenye friji. Keji ya mbele ikibaki na chupa sita, mgeni anaisukuma pembeni, anaiweka iliyojaa mbele, na kwenda zake akiwa na amani. Sivyo. Toa ya zamani, ingiza iliyojaa, zile chupa sita zihamishie mbele kabisa ya mpya, kisha keji tupu irudi stoo. Dakika moja. Usipoifanya, mwisho wa wiki mwenzako anamwaga lita kumi na tano na kuziandika kwenye hesabu ya hasara.

Na hasara ndiyo nafuu. Pakiti ikiandikwa "use by" (mwisho wa kutumia), ni kosa la jinai kuiuza baada ya siku hiyo kupita, hata kama inanukia vizuri. "Best before" (bora kabla ya) inahusu ubora tu, sheria haikatazi kuiuza baadaye, ingawa duka lako linaweza kuwa na utaratibu wake. Wageni wengi huzichanganya mbili hizi: wanatupa biskuti na kuiacha samoni. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa tarehe kila siku na orodha ya kutia saini. Afisa wa afya wa halmashauri akija, ni orodha hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba duka lilichukua tahadhari. Ukiisaini bila kufungua friji, umejiandikia ushahidi dhidi yako kwa mwandiko wako.

Msifiche nyama nyuma ya rafu pia mkisubiri ibandikwe punguzo jioni. Kamera iko juu ya friji, na mtu hufukuzwa kazi kwa kuku wa pauni tatu.

4. Ubaridi. Sheria ya England inataka vyakula vya friji visizidi nyuzi 8; maduka hulenga 5 kushuka chini, na friza ni −18. Toa kiasi unachoweza kukipanga, siyo paleti zima kwa kuogopa kurudi stoo. Aiskrimu ikilainika na kuganda tena huota chenga za barafu, na mteja atairudisha kwa jina lako la kwenye kibeji.

5. Umri. Hapa adabu zetu zinatuponza. Kwetu kumuuliza mtu mwenye ndevu ana miaka mingapi ni kumvunjia heshima, basi keshia kijana anapitisha chupa ya vodka, yeye na mteja wakiangalia chini wote wawili. Sera ya "Challenge 25" iko wazi: akionekana chini ya miaka 25, unaomba pasipoti au leseni yenye picha, hata kama umri wa kisheria wa kununua pombe ni 18. Ukimuuzia aliye chini ya 18, England na Wales polisi wanaweza kumpiga muuzaji mwenyewe faini ya pauni 90 papo hapo, wewe, siyo kampuni. Visu navyo huko ni 18. Ukiwa Scotland, pombe inauzwa saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku tu, na hakuna cha kumwonea huruma aliyefika dakika mbili baadaye. Parasetamoli ni pakiti mbili kwa mteja mmoja.

6. Paleti: sukuma, usivute ukirudi kinyumenyume, na ukiliacha toroli lake lishushe chini kabisa. Trei chana kwenye mstari wa vitundu; kisu kikizama sentimita moja tu, umetoboa krispi kumi na mbili. Mashine ya kukandamiza maboksi si ya walio chini ya miaka 18, wala si ya ambaye hajafundishwa.

7. Saa 20. Wenye viza ya mwanafunzi wa digrii mna saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna wastani. Saa 15 wiki hii na 25 wiki ijayo ni kuvunja masharti, hata kama jumla ni 40. Mtego ni Jumapili, siku ya mwisho ya hesabu: maduka makubwa ya England na Wales hufungua kwa saa 6 tu siku hiyo, watu wanaugua, meneja anapiga simu akiwa na sauti ya kubembeleza. Hesabu zako za Jumatatu hadi Jumamosi ziwe kwenye simu, siyo kichwani. Zikifika 17, mwambie una saa 3 tu, hesabu zikiwa mkononi. Atanuna kidogo, kisha atampigia anayefuata kwenye orodha.