Mshale Ukiruka Ruka, Chomoa Chaja Kwanza Kabla Hujampigia Fundi

Juzi usiku dada mmoja wa Kisauni kaniandikia WhatsApp, laptop yake mshale waruka wenyewe, wafungua vitu hajaviomba, na yeye yuko katikati ya kazi ya mtandaoni ambayo mteja aitaka asubuhi. Fundi keshamwambia padi, ile sehemu ya kuteleza kidole chini ya kibodi, imekufa na bei keshatajiwa. Nikamjibu chomoa chaja halafu ujaribu. Akanuna kweli kweli, "kaka mimi nakuuliza padi, wewe waniambia mambo ya chaja?" Basi nikaona bora niandike hapa tusome wote, maana najua wengi wetu twatafuta riziki kwa mashine hizi hizi, na nyingi ni ex-UK, zimetumika Uingereza zikazeeka kabla hazijapanda meli.

Dada, mimi naijua shida hiyo kwa ndani. Mashine yangu ya kwanza ya kazi niliichukua used duka moja mjini, bodi ya chuma, yang'aa, nikaona hapa sasa nimefika. Chaja ilikuwa si yake, nilipewa ya pini mbili na kiadapta cha kuchomekea ukutani. Wakati ule nilikuwa natengeneza kadi za harusi, na Mombasa msimu wa harusi ukishika hulali. Sasa wee jaribu kupanga jina la bibi harusi, mshale wakamata jina la bwana walitupa kona ya chini, ukirudisha laruka tena, na padi yenyewe ukiigusa kidogo yakuza picha mpaka wajaza skrini. Kuna mama mmoja nilimchelewesha kadi, hakunigombeza hata, aliniambia tu "mwanangu, tumeshampata mwengine." Heri angenitukana.

Fundi nikampelekea. Kwanza ni sofuwea, akapiga Windows upya, nikalipa. Shida ile ile. Sasa ni padi, akabadilisha, nikalipa tena na safari hii pesa ya maana. Shida ile ile! Mwisho akaniambia madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekwenda, bora ninunue nyingine na kwa bahati nzuri anayo moja hapo kwake. Bahati nzuri ya nani sijui.

Kilichoniokoa ni stima kupotea. Giza mtaa mzima, feni kimya, mimi nafanya kazi kwa betri nimalize kilichobaki, mara naona padi imetulia, mshale waenda nnakoupeleka. Stima ziliporudi wazimu ukarudi papo hapo. Nikachomoa, ukatulia. Nikachomeka, ukaanza. Nikacheka peke yangu pale kitini, na bado nikakumbuka ile pesa ya padi.

Sababu yake ni hii. Padi haisikii uzito wa kidole, husoma mabadiliko madogo ya umeme kidole kikiigusa. Chaja mbovu ikileta umeme mchafu na hakuna waya wa athi wa kuupeleka ardhini, padi yaona vidole ambavyo havipo. Ukiweka mkono kwenye bodi ya chuma waskia kama sisimizi wakutambaa, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Soketi zetu za Kenya zina tundu tatu, lile la juu ndilo la athi, lakini kiadapta cha pini mbili hakilitumii, na ekstensheni nyingi za bei rahisi ndani hilo tundu halina waya, ni urembo. Nilipotafuta chaja ya sawasawa ya pini tatu nikachomeka ukutani moja kwa moja, basi. Ile "madabodi iliyokufa" nimeifanyia kazi miaka mingine, na nikipita pale fundi aniuliza "vipi, ulinunua nyingine?" Namjibu salama tu naenda zangu.

Kama umechomoa na bado yaruka, angalia unyevu. Joto letu la Februari na Machi mikono haikauki, na wengine twala viazi karai huku tunaskroli, yaani hapo padi ina kosa gani? Futa kwa kitambaa kikavu. Kama haifanyi kazi kabisa, pengine imezimwa tu, tafuta kwenye safu ya F1 mpaka F12 kitufe chenye picha ya padi ukibonye pamoja na Fn, na zile HP za zamani zenye kitaa kidogo kwenye kona ya padi, ukigonga pale mara mbili huizima au kuiwasha.

Lakini padi ikiwa imeinuka, haibonyeki, au laptop haifungi vizuri, hapo usicheze. Betri mara nyingi iko chini yake na huenda imevimba. Zima, chomoa, usiikandamize wala kuidunga, ipeleke itolewe. Betri ya lithiamu ikitobolewa yaweza kuwaka moto.

Na vijana wenzangu jifunzeni kibodi jamani. Mtu ana ndoto za kulipwa dola lakini padi ikigoma siku moja tu kazi imelala, hata kusevu kwa Ctrl na S hajui! Alt na Tab yakupeleka dirisha jingine, Tab na Enter zakupitisha fomu nzima, kitufe cha Windows na I chafungua setingi na humo waweza kupunguza wepesi wa padi. Ukibonya Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock pamoja, ukakubali ukiulizwa, zile namba za pembeni zausukuma mshale. Na mausi ya waya ya bei rahisi iwe ndani ya begi siku zote.

Ikibidi fundi, mwambie ajaribu kwanza na chaja nyingine mbele yako, halafu afungue aangalie ule utepe wa padi, yaani waya bapa unaoiunganisha na mashine, kama umelegea, kabla hajataja padi mpya. Na akitaka uiache mpaka kesho, hamisha faili zako kwenye fleshi kwanza, kwa kibodi hiyo hiyo.