Jibu: Eucalyptus citriodora na Corymbia citriodora ni mti mmoja

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu pakiti moja ya mbegu imeandikwa Eucalyptus citriodora, nyingine Corymbia citriodora, na hujui kama ni miti miwili. Ni mkaratusi uleule wenye harufu ya limau, asili yake mashariki mwa Australia, hasa Queensland.

Kwanza tazama mabano baada ya jina. Mtaalamu wa mimea Hooker (kifupi Hook.) aliuita Eucalyptus citriodora mwaka 1848. Mwaka 1995 wataalamu wengine, Hill na Johnson, wakauhamishia jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Corymbia, ndiyo maana jina kamili husomeka Corymbia citriodora (Hook.) K.D.Hill & L.A.S.Johnson. Aliye ndani ya mabano ndiye aliyetoa jina la kwanza, walio nje ndio waliouhamisha. Mimi niliwahi kununua pakiti zote mbili nikidhani napata aina mbili, nikaishia na vitalu viwili vya miche pacha!

Miche ikitoa majani, sugua jani moja vidoleni. Mkono wangu hunukia limau hadi jioni. Ukikuta maculata kwenye lebo, hiyo ni spishi nyingine, ndugu yake tu. Daftarini andika jina jipya, la zamani liweke pembeni, maana wauza mbegu bado wanalitumia.